Maswali ya Wasomaji: Kostiki Inayokwisha Haraka Kabla ya Anodaizi

SWALI: Mhariri, karakana yetu hutengeneza fremu za madirisha kwa fito za alumini aina ya 6063. Kabla ya anodaizi (kuupa uso wa alumini tabaka gumu la oksaidi kwa umeme) tunazichovya katika kostiki soda ya moto kwa dakika 15 ili zising'ae. Kostiki inakwisha haraka, na tope la maji taka limetushinda. Muuzaji anatushauri tununue kiongezeo cha kurefusha maisha ya tangi. Je, tukubali?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Msifanye haraka kununua. Kila kilo 1 ya alumini inayoyeyuka hula karibu kilo 1.5 za kostiki, na maji taka yanapotiwa asidi ili kupunguza ukali wake, kilo hiyo hiyo hugeuka kuwa karibu kilo 2.9 za haidroksaidi kavu ya alumini, ndiyo tope lenu, ambayo hushika maji mengi hata baada ya kukamuliwa. Kwa hiyo anayetaka kupunguza kostiki na tope kwa pamoja hana budi kwanza kuyeyusha alumini kidogo zaidi. Uchubuaji mrefu, yaani kuchovya katika kostiki kwa muda mrefu, huweza kuondoa gramu 80 kwa kila mita ya mraba, yaani unene wa takriban milimita 0.03, na mara nyingi lengo ni kuficha tu michirizi ya kalibu (tundu la chuma linaloipa fito umbo) na mikwaruzo ya ghalani. Anayewauzia fito awape zenye uso safi, zihifadhiwe zisisuguane, na zile zenye kasoro zipigwe brashi ya mashine kabla ya kuchovywa kwa muda mfupi.

Upotevu wa pili ni kostiki inayotoka na mzigo. Ning'inizeni fito kwa mshazari ili zichuruzike juu ya tangi, ingawa si kwa muda mrefu kiasi cha kukaukiwa na kupata madoa. Maji ya suuzo la kwanza yatumieni kufidia yaliyogeuka mvuke tangini. Hata hivyo, kostiki ikirudishwa, alumini iliyoyeyuka nayo hurudi, na ikizidi hugandamana kama jiwe kwenye kuta za tangi na mabomba ya kupasha joto. Hapo ndipo kiongezeo, ambacho kwa kawaida huwa na kemikali kama glukoneti au sorbitoli, kina kazi: huizuia alumini isigande, lakini hakipunguzi kostiki inayoliwa na kila kilo ya alumini. Zaidi ya hayo, mkitarajia siku moja kufunga mtambo unaotenga haidroksaidi na kurudisha kostiki tangini, kiongezeo hicho kitaukwamisha. Chagueni njia moja.

Uchubuaji kwa asidi yenye floridi huondoa alumini kidogo zaidi, lakini kwa hatari ya floridi kwa mafundi na katika maji taka, singeushauri kwa karakana yenu.

Anzeni kwa vipande vya fito za kalibu moja: vipimeni uzito, vichovyeni kwa dakika 5, 10 na 15, vipimeni tena vikiwa vikavu, kisha vifanyieni anodaizi na kumwonyesha mteja bila kumwambia kipi ni kipi.