Kabla Hujashona Sare ya Kuwakomesha Uliosoma Nao

Kuna dada wa Kibondo kaniandikia. Waliomaliza naye kidato cha nne wamefungua kundi la WhatsApp, sasa wanachangishana ili wakutane Desemba. Ndani ya kundi yumo mtu aliyemtesa shule nzima. Anauliza aende au asiende, na akienda avae nini. Swali la pili limenichekesha, kwa sababu wenzangu na mimi tulianza na hilohilo.

Jibu fupi: nenda, vaa gauni lako la Jumapili. Jibu refu ni refu kweli, na ndani yake nimo mimi, kwa hiyo nivumilie.

Mimi ni Muha wa Kasulu. Nilipelekwa bweni mkoani Tabora kwa treni, na tranka la bati lililoandikwa jina langu kwa rangi nyeupe. Usiku wa kwanza tu, njuka mwenzangu akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Kasulu. Akasema kwa sauti, "Kasulu kambini?" Bweni zima likaangua kicheko. Kambi ya Nyarugusu iko kwetu kweli, ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongo waliokimbia vita, na kwa mtu ambaye hajawahi kufika Kigoma, Kasulu yote ni Nyarugusu. Isitoshe Kiha na Kirundi vinakaribiana sana, na lafudhi yangu ilinisaliti kila nilipofungua mdomo. Basi nikawa Mkimbizi.

Kwenye foleni ya uji: "Mpisheni Mkimbizi, hajala tangu mpakani." Nikipata barua kutoka nyumbani: "Umoja wa Mataifa wamemwandikia." Siku moja nilikuta sahani yangu ya bati imechorwa kwa msumari herufi mbili, UN, kubwa, zimeingia ndani kabisa. Nilijaribu kuzisugua kwa mchanga zikazidi kung'aa. Nilikula kwenye sahani hiyo mpaka namaliza shule, kwa sababu nyumbani hawakuwa na hela ya kuninunulia nyingine. Aliyeanzisha yote hayo alikuwa darasa moja na mimi, ila alikuwa na dada yake kidato cha nne. Nani angemgusa?

Najua kuna atakayesema ule ulikuwa utani tu. Jamani, utani tunaujua. Mtani wako akikutania nawe unamrudishia, na ukifiwa yeye ndiye anayefika kuteka maji na kuchekesha wafiwa. Mimi nilipougua malaria bwenini hakuna mtani aliyeniletea hata kikombe cha maji. Walioniletea walikuwa wawili tu, mmoja akiitwa Kikojozi na mwingine Ngongoti kwa ajili ya urefu wake.

Hapo ndipo urafiki wetu ulipozaliwa, na hapo ndipo nataka dada wa Kibondo anisikilize vizuri. Maana wote watakushauri juu ya adui yako. Mimi nataka kukuuliza juu ya marafiki zako.

Sisi watatu tuliishia kuishi Tabora mjini. Mwisho wa mwezi tunakutana, chipsi kuku na soda, na kabla kuku hajafika mezani tumesharudi bwenini. Nani alimfanya nini nani, yuko wapi siku hizi, kanenepa au kakonda, mume kamwacha au bado. Miaka imepita, watoto wamezaliwa, mazungumzo ni yaleyale. Niliposema nimepata mkopo wa kupanua biashara yangu ya asali, Ngongoti hakuniuliza riba ni asilimia ngapi. Aliuliza kama nimeweka picha kwenye kundi ili "wale" waone. Na tukigombana, jina la kwanza kumtoka mdomoni ni Mkimbizi. Lilelile! Yaani sumu tuliyonyweshwa tukaiweka akiba, tukawa tunanyweshana wenyewe.

Mdogo wangu ndiye aliyenifungua macho bila kujua. Aliniwekea kwenye flashi tamthilia ya vichekesho ya Marekani, It's Always Sunny in Philadelphia, iliyoanza mwaka 2005. Ni marafiki wenye baa yao mjini Philadelphia, watu wa hovyo kupita maelezo: wanadanganyana, wanaibiana, wanatukanana, na kesho yake wako pamoja tena. Mwishoni mwa msimu wa 7, mwaka 2011, kuna sehemu mbili wanakwenda kukutana na waliosoma nao sekondari. Dee, dada pekee katika kundi, alikuwa akivaa chuma cha kunyoosha mgongo, wakambatiza jina la Zimwi la Aluminiamu. Mac alikuwa mchongezi, akaitwa panya. Dennis yeye amejiaminisha miaka yote kwamba shuleni alikuwa mfalme, kumbe aliyekuwa akimwona mfalme ni yeye peke yake.

Wanafika, wanadhalilishwa kama zamani, wanapanga kisasi. Kisasi chenyewe ni nini? Kucheza. Wanaingia katikati ya ukumbi na sisi watazamaji tunaonyeshwa wanavyojiona: hatua zimepangika, kila mtu safi, ukumbi umeshangaa. Halafu kamera inatuonyesha wanachokiona wengine. Walevi wanarukaruka bila mpangilio, na watu wanawatazama kwa aibu.

Nilicheka, kisha nikanyamaza ghafla. Kwa sababu wiki hiyohiyo kundi letu la wahitimu lilikuwa limetangaza tarehe, na Ngongoti alikuwa ameshapiga hesabu: kitenge cha sare, fundi, vilemba, na tuingie ukumbini tukicheza kama wazazi wa bibi harusi kwenye sendofu, MC atutangaze kwa vyeo. Mimi nitangazwe "mkurugenzi". Mkurugenzi wa nini, wakati nina kibanda na mapipa ya asali?

Nikawaambia sichezi. Nikawatumia sehemu zile waangalie. Kikojozi alicheka, Ngongoti akaandika kwamba nina wivu, nikitaka nikae na hao Wamarekani wangu. Mchango wangu wa kitenge nilikuwa nimeshautoa, na hadi leo sijarudishiwa.

Siku ya siku nilikwenda kwa bajaji, na gauni langu. Wenzangu waliingia wakicheza. Sitaki kuwasema vibaya, walijitahidi, lakini muziki ulikatika katikati kwa sababu simu ya MC ilipigiwa. Na yule mwanamke waliyekuja kumkomesha hakuwaona, alikuwa kwenye viti vya nyuma akimlisha mwanawe pilau.

Baadaye akanifuata mwenyewe, mikono wazi, amefurahi kwelikweli: "Mkimbizi jamani! Hujazeeka!" Sikurudi nyuma, sikumkumbatia pia. Nikamwambia, "Mimi nina jina, niite kwa jina langu." Akatabasamu. Akashusha macho kifuani kwangu, kwenye kikaratasi tulichobandikwa mlangoni, akalisoma. Hakuwa akilijua! Mtu aliyenikosesha usingizi utotoni alihitaji kikaratasi. Nilimwacha pale na kikombe chake cha soda, na nakiri nilijisikia vizuri sana, kuliko kitenge chochote.

Lakini aliyenitikisa alikuwa mwingine. Yule aliyekuwa akicheka kuliko wote bwenini, anayetoka Ulyankulu. Nadhani mnaijua Ulyankulu, makazi ya Warundi waliokimbilia kwetu mwaka 1972. Mwaka 2014 serikali ilitangaza kuwapa uraia watu zaidi ya 160,000 wa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na wazazi wake walikuwa miongoni mwao. Alinivuta pembeni karibu na jiko, moshi unatuingia machoni, akaniambia: "Kila walipokuita wewe, mimi nilishukuru Mungu. Niliogopa ningenyamaza wangenitazama mimi." Sikumjibu mara moja. Sijui kama nimemsamehe, nisiwadanganye. Ila tunaongea kwa simu, na kati ya wote niliokutana nao siku ile, ndiye pekee ninayempigia mimi.

Kwa hiyo dada yangu, ushauri wangu ni huu. Usiende kumwonyesha mtu kitu. Akikuita lile jina, mkatalie hapohapo, kwa sauti ya kawaida, mara moja inatosha. Usikodi gari. Nasema tena, usikodi gari! Vijana mnakopa kwenye simu ili muonekane kwa saa nne mbele ya watu ambao kesho hawatakumbuka hata mliketi wapi.

Na kabla hujafika ukumbini, watazame unaokwenda nao. Kama kinachowakutanisha ni mtu mmoja mnayemchukia, siku huyo mtu akifa mtazungumza nini? Jaribuni kukaa jioni moja bila kumtaja. Sisi tulijaribu. Ngongoti aliondoka kabla ya saa mbili, anasema alikuwa na kikao cha vikoba. Kikojozi alibaki. Binti yake anakwenda bweni Januari, tukakaa tunabishana kuhusu bei ya magodoro pale sokoni, na kama siku hizi tranka la bati bado linaruhusiwa au wanataka begi. Mimi nilisema tranka, lenye kufuli mbili.