Maswali yenu: mafuta ya upako, kubatizwa upya na mama aliyesahau majina

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja: nishike nini, nipake nini, ninywe nini ili Mungu atende? Nimechagua chache.

Swali: Mchungaji, chupa yangu ya mafuta ya upako inakaribia kuisha. Nikiongeza mafuta ya alizeti, upako utapungua?

Swali hili linanijia kila mwezi, na jibu langu ni lile lile: upako haupimwi kwa chupa. Yakobo 5 inaagiza wazee wa kanisa wampake mgonjwa mafuta na kumwombea, kisha inasema wazi kwamba kuomba kwa imani ndiko kutakakomwokoa. Bei haikutajwa. Kumbuka pia nyoka wa shaba. Musa alimtengeneza kwa agizo la Mungu mwenyewe, na waliomtazama wakapona. Baadaye Waisraeli wakaanza kumfukizia uvumba, na mfalme Hezekia akamvunja vipande vipande.

Februari 1, 2020, pale Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakiwahi kukanyaga mafuta ya upako. Nikiwakumbuka, moyo unaniuma. Watu huyakimbilia mafuta kwa sababu wanaumwa, wana madeni, ndoa zimewashinda, na sisi wachungaji hatujawafundisha vya kutosha. Basi ukiambiwa ununue mafuta, maji, chumvi au leso ndipo uombewe, ondoka. Na dawa zako za presha, za kisukari, ARV, endelea kumeza kama daktari alivyokuandikia.

Swali: Mchungaji aliyembatiza mwanangu amekutwa na kashfa ya uzinzi. Tumbatize upya?

Hapana. Ugomvi huu ni wa zamani. Katika karne ya 4, huko Afrika Kaskazini, Wakristo walioitwa Wadonati walikataa huduma za maaskofu waliotoa Maandiko yachomwe wakati kaisari wa Roma, Diokletiano, alipolitesa kanisa. Augustino, askofu wa Hippo, aliwajibu kwamba ubatizo ni wa Kristo, si wa mhudumu. Sisi Walutheri tunashika hivyo hivyo katika Ungamo la Augsburg, tamko la imani yetu la 1530. Mchungaji yule atajibu kwa dhambi yake, lakini Jina lililotajwa juu ya maji yale halikuchafuka. Katika barua yako ndefu sijaona mahali unaposema mtoto anafundishwa kusali. Hilo ndilo la kulishughulikia usiku huu.

Swali: Nikinywa chai asubuhi naweza kushiriki Meza ya Bwana?

Ndiyo. Katekisimu Ndogo ya Martin Luther inasema kufunga ni mazoezi mazuri ya mwili, bali anayestahili ni yule anayeyaamini maneno haya: "kwa ajili yenu."

Swali: Binti yangu anaenda shule ya bweni Januari. Anaweza kupata kipaimara bila kumaliza mafundisho? Ukumbi tumeshalipia.

Hawezi. Ukumbi unaweza kuahirishwa. Atasimama mbele ya madhabahu kukiri imani kwa kinywa chake, na hawezi kukiri asichokijua.

Swali: Nasali Baba Yetu huku nawaza marejesho ya mkopo wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Je, sala hiyo inasikiwa?

Ahsante kwa kusema ukweli. Wengi tuko hivyo. Mwaka 1535 Luther alimwandikia kinyozi wake namna ya kusali. Alimwambia kinyozi mzuri huweka macho na akili kwenye wembe, maana akizidisha soga anaweza kumkata mtu pua au hata koo. Kisha akamshauri achukue ombi moja moja, na moyo ukiguswa na moja abaki hapo, mengine yasubiri. Jaribu hivyo. Ukifika "utupe leo riziki yetu", yataje hayo marejesho kwa jina na kiasi chake. Na yule baba wa Marko 9 aliyelia "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu" hakufukuzwa, mwanawe aliponywa.

Swali: Mama yangu amepoteza kumbukumbu, hata mimi hanijui. Wazee wa kanisa wanasema asipewe Chakula cha Bwana kwa kuwa haelewi.

Apewe. Niliwahi kumpelekea bibi mmoja wa hali hiyo. Mwanawe alimwita "mama" mara tatu, bibi akatazama ukutani tu. Nilipoanza Baba Yetu, midomo yake ikaanza kwenda, akanitangulia kwa maneno mawili, na nilipoinua kikombe akakunjua mikono kutoka chini ya khanga. Nani kati yetu angethubutu kusema hakuna imani pale? Onyo la Paulo kuhusu kula isivyostahili liliwaendea Wakorintho walioshiba na kulewa huku wenzao wana njaa, na wale walikuwa na akili zao timamu. Mama yako hayumo humo. Kaonane na mchungaji wako wiki hii, na siku akija, kaa kitandani karibu na mama, umshike mkono, msali pamoja naye kwa sauti.