Usianze na kitabu, anza na ubishi

Walimu wenzangu wa Kiswahili, hasa nyie mliotoka shule za kawaida mkaingia kwenye hizi za IB, ule mtaala wa kimataifa, mkakabidhiwa darasa la lugha na fasihi la MYP, programu yake ya ngazi ya kati, kwanza poleni. Najua mmekalishwa semina siku mbili tatu, mkamwagiwa dhana kuu 16, yale mawazo makubwa ya masomo yote, dhana husiani 12 za somo lenu, miktadha 6, kraiteria 4, yaani vigezo vya kusahihishia, na kila moja ina alama 8, halafu mkaambiwa haya sasa kapangeni yuniti, yaani mada ya wiki kadhaa. Mimi nilitoka pale daftari limejaa kichwa kitupu.

Mwaka wangu wa kwanza nilifanya kile ambacho naona wengi wanafanya mpaka leo. Nilichukua riwaya niliyoizoea, nikaangalia zile dhana kuu 4 ambazo lugha na fasihi tumepangiwa, yaani mawasiliano, miunganiko, ubunifu na mtazamo, nikachagua mawasiliano kwa sababu jamani nani atakataa kwamba kitabu ni mawasiliano, nikaibandika juu ya plana, ile fomu ya mpango wa yuniti, kama lebo ya mtungi halafu nikafundisha fani na maudhui kama nilivyofundishwa mimi. Muundo, mtindo, wahusika, mandhari, dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa. Wiki ya tano binti mmoja wa darasa la saba akanyoosha kidole, "Mwalimu, ile mawasiliano uliyoandika pale ukutani tutaanza lini kuisoma?" Darasa likacheka, na mimi nikacheka, ila nilienda nyumbani na hilo swali.

Sasa msinielewe vibaya, fani na maudhui siidharau. Mtu aliyepikwa na ule mtihani wa fomu foo, kwa kutumia vitabu viwili ulivyosoma toa hoja tatu kila kitabu, anajua kukisoma kitabu kwa mpangilio kuliko watoto wengi ninaowafundisha sasa. Shida yake ni kwamba ukishamaliza kitabu maarifa yanabaki ndani ya kitabu. Mtoto anajua migogoro ya kitabu kile, mpe shairi ambalo hajawahi kuliona anakuangalia tu. Dhana kazi yake ni hiyo, kumpa mtoto kitu anachoweza kukibeba kutoka maandishi haya kwenda maandishi yale.

Kwa hiyo ushauri wangu namba moja, na ukiamua kuishia hapa kusoma sawa tu: usianze na kitabu. Anza na ile sentensi moja inayobeba wazo la yuniti nzima, kauli ya uchunguzi, na usiandike kitu kingine chochote kwenye plana mpaka sentensi hiyo ipite mitihani miwili. Wa kwanza, ukikiondoa kitabu, sentensi inabaki na maana? Wa pili, mtoto wa miaka 12 anaweza kukubishia? Huu wa pili ndo unaoangusha wengi. "Waandishi hutumia lugha kuwasiliana na hadhira" nani atabisha hapo? Hata wewe ulivyoiandika ulikuwa unasinzia.

Nitawapa mfano wangu ambao umenifaa kuliko yote, wa darasa la nane. Dhana kuu mawasiliano, dhana husiani hadhira na mtindo, lakini darasani hayo maneno makubwa siyataji mpaka wiki ya pili, naanza na neno moja ambalo kila Mswahili analo mfukoni: fumbo. Kauli yangu inasema "Watu husema kwa fumbo pale ambapo kusema waziwazi kuna gharama." Basi. Chini yake maswali matatu kama utaratibu unavyotaka. La kujua, fumbo linatengenezwaje? La dhana, kwa nini mtu aseme kwa fumbo wakati mdomo anao? La mjadala, fumbo ni ujasiri au ni woga? Hilo la mwisho nakwambia utaliandika ubaoni kipindi cha kwanza na utakuta wanabishana nalo kwenye basi la shule.

Maandishi ya kuanzia ni kanga. Ndiyo, kanga. Nilimwomba mama yangu doti sita nikazitundika darasani kama duka la Kariakoo, nikawaambia haya ni maandishi, yachambueni. Na kanga ina muundo wake kuliko hata insha zao, kuna pindo la pembeni, kuna mji wa katikati, kuna jina, yale maneno yaliyoandikwa, na jina ndo linalosomeka mtu akikupa mgongo, akishakupita. Hebu fikiria hapo kuhusu hadhira. Mvaaji hakuangalii, hajakutaja, hajafungua mdomo, lakini wewe umesoma "Hasidi hana sababu" na usingizi umekata. Ukimuuliza atakwambia ah mimi nimevaa kanga tu. Watoto waliielewa hadhira siku hiyo kuliko ile mwaka mzima niliyokuwa nawachorea mishale ubaoni ya mtumaji na mpokeaji.

Halafu kijana mmoja akasema mwalimu mbona hii ni stetasi ya WhatsApp. Nikanyamaza maana kwenye plana hilo halikuwepo. Wakaanza kueleza wenyewe, kwamba mtu anaweka stetasi ya vijembe, watu 80 wanaiona, lakini anayeambiwa ni mmoja na anajijua. Hiyo dhana imeshahama kutoka kwenye khanga ya bibi mpaka kwenye simu na mimi sijasema neno. Tangu hapo kila yuniti naacha vipindi viwili vitupu kabisa kwenye ratiba kwa ajili ya jambo kama hilo, na kama halikutokea tunasoma kimya, hakuna hasara.

Sarufi sasa. Walimu wengi wa darasa la dhana sarufi inawafia mkononi, ama wanaiacha kabisa ama wanaitengea Ijumaa kama dawa ya minyoo. Kwangu mimi sarufi lazima itoke ndani ya dhana ileile. Chukua "Mtasema mchana usiku mtalala". Nani "m" huyo? Hajatajwa! Fumbo zima limebebwa na kiambishi cha nafsi. Kiswahili kinakuruhusu kumsema mtu sentensi nzima bila jina wala kiwakilishi kinachosimama peke yake, silabi moja tu inatosha, na ukiulizwa unaweza kukana. Tukatoka hapo tukaenda kauli ya kutendwa, "imesemwa", "nimeambiwa", aliyesema yuko wapi? Amefichwa. Vipindi vitatu vya viambishi na kauli za vitenzi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza hii itatusaidia nini maishani.

Kidogo nitoke nje ya mada. Kuna mama alipiga simu shuleni amewaka kweli, nalipa ada yote hii mtoto wangu anafundishwa vijembe? Mwanawe alikuwa amerudi nyumbani akawasomea wageni jina la kanga ambalo sitaliandika hapa. Kosa lilikuwa langu kwa nusu, sikuwa nimewaandikia wazazi mapema nini kinakuja. Nikamwambia mama njoo Alhamisi ukae darasani. Akaja, amekaa nyuma kajifunga uso, dakika ya ishirini akanyoosha mkono akaanza kuwaeleza watoto jinsi kanga zilivyokuwa zikipelekwa kama jibu baina ya mawifi kwao Tanga, na ile ndo siku sikumaliza andalio langu la somo. Siku hizi barua kwa wazazi inatangulia wiki moja kabla, na ndani yake naomba kanga na wasimuliaji.

Vitabu vinakuja wiki ya tatu, watoto wakiwa tayari na njaa. Na hapa usiogope vya zamani. Utenzi wa Mwana Kupona wa 1858, mama mgonjwa wa Pate anamuachia binti yake wasia namna ya kuishi na dini, na watu na mume. Lahaja yake ni ya kaskazini, ya Lamu na Pate, watoto wa Dar itawashinda, kwa hiyo mimi natoa beti nane tu, kushoto za asili kulia Kiswahili cha leo, na tunazisoma kwa sauti maana utenzi haukutungwa ukae kimya kwenye karatasi. Halafu narudisha swali letu. Mama huyu anasema waziwazi au kuna fumbo? Wapo wahakiki wanaouona ni utiifu mtupu na wapo wanaosikia kejeli ndani yake, na ukiwaambia watoto kwamba hata wasomi hawajakubaliana macho yanawatoka, walidhani jibu liko kwenye ofisi ya walimu.

Baada ya hapo Kusadikika ya Shaaban Robert, vipande sio yote. Nchi inayoelea angani, mtu anashtakiwa kwa kutaka watu wajifunze sheria. Nawapa mambo mawili tu ya nje ya kitabu, kwamba kilitoka 1951 Tanganyika ikiwa chini ya Mwingereza, na kwamba mwandishi mwenyewe alikuwa karani kwenye serikali hiyohiyo. Nanyamaza. Kuna mtu lazima atasema "aaah, kumbe angani ndo hapa." Hapo kauli yetu inakaa kwenye maandishi ya tatu na bado inafanya kazi, gharama ya kusema waziwazi sasa sio wifi kukununia ni mkate wako.

Angalieni kitu, fani na maudhui yote tumeyafanya humo. Mandhari tumeisoma, sitiari tumeisoma, dhamira tumeisoma. Tofauti ni kwamba kila kimoja kina kazi. Wakati wa kusahihisha kraiteria A, uchambuzi, mtoto akiniandikia "mwandishi ametumia mandhari ya kufikirika" nampa alama za chini na naandika pembeni neno moja tu, kwa nini? Akiandika ameiweka nchi hewani ili mtawala akisoma asiweze kusema ni kwake, huyo anapanda. Naweka hizo sentensi mbili ukutani tangu mwanzo ili wasiseme sikuwaambia.

Kazi ya mwisho iandike mara tu baada ya kauli, kabla hujachagua hata andiko moja. Ya yuniti hii ina sehemu mbili. Nyumbani na darasani wanatunga fumbo lao, kanga yenye jina, au shairi la mipasho la beti tatu, au hotuba fupi ya mtu asiyeweza kusema wazi, pamoja na maelezo ya ukurasa mmoja kwamba umeficha nini, umemficha nani na kwa njia gani. Hapo napata C na D, utungaji na matumizi ya lugha, na yale maelezo yananipa B ya mpangilio. Sehemu ya pili ni andiko jipya ambalo hawajawahi kuliona, dakika 60, wanachambua. Hiyo ya pili msiiache hata kama mmechelewa. Ndo kipimo pekee kitakachokuambia kama dhana imehama au mtoto amekariri ulichosema wewe. Mwaka wa kwanza nilipoijaribu nusu ya darasa walianguka, na nikajua wiki saba nilikuwa naongea mwenyewe. Pia kila kipengele cha kila kraiteria kinatakiwa kupimwa angalau mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo weka jedwali dogo mapema, usije ukagundua mwezi wa tano B hujaigusa.

Kuhusu muda. Nina vipindi vinne vya dakika 40 kwa wiki, yuniti ya wiki 7 inanipa kama saa 18 na nusu kwenye makaratasi, toa siku ya michezo, toa sikukuu za mwezi kuandama, toa picha za shule, unabaki na 15. Programu inataka somo lipate saa zisizopungua 50 kwa mwaka. Kwa hiyo yuniti nne, maana tatu zinaishia saa 45. Mwenzangu aliyepanga sita alimaliza mwaka akiwa anakimbizana na watoto koridoni kudai kazi.

Na viwango vya watoto, hili najua mnaliwaza. Darasani kwangu kuna aliyelelewa na bibi Unguja anaongea kama maji na kuna mwingine Kiswahili chake ni cha kumwagiza dada chai. Wote wako kwenye lugha na fasihi sio kwenye lugha ya kujifunza, lile darasa la wanaojifunza lugha kama ya kigeni, sijui nani aliwapanga. Nisichofanya ni kuwapa wale dhaifu dhana nyepesi. Dhana ni ileile, andiko ndo linabadilika. Huyu atachambua beti nane, yule ataanza na kanga moja na stetasi mbili, lakini wote wanajibu swali la ujasiri au woga, na kwa kweli hoja kali kuliko zote mwaka jana ilitoka kwa yule wa kumwagiza dada chai, kwa Kiswahili kilichovunjika kila kiungo. Alisema fumbo ni woga wa mtu mmoja ambao ukisomwa na watu wengi unageuka ujasiri. D nilimpa 3. A nilimpa 7.

Sasa hivi napanga ya darasa la saba, dhana ni mtazamo, nataka kuanza na ngano za sungura na fisi zisimuliwe na fisi. Kauli nimeiandika mara nne nimeifuta mara nne. Ya mwisho ilikuwa "Anayesimulia ndiye anayeamua nani mjanja", nikaipeleka kwa mwanangu wa miaka 11 mezani, akasema "ndiyo, sasa?" akaendelea kula. Hajabisha. Narudi ubaoni, na kama kuna mwenye sentensi nzuri zaidi aniandikie kabla ya Jumatatu.