Kabla Hujasaini Waranti ya Gari-Nyumba, Nisikilize Mimi Niliyetupa Mota Jalalani

Jumanne usiku nilikuwa nimetoka kushusha mzigo Oklahoma City, nimekaa kwenye lori nakunywa chai yangu ya tangawizi, ukaingia ujumbe wa mdogo wetu mmoja anayeishi Minnesota. "Shikamoo kaka. Gari-nyumba nimelipata, bei tumeelewana, ila yadi wanasema nichukue na waranti ya nyongeza, dola 9,400 kwa miaka saba. Nichukue nisichukue? Kesho saa nne asubuhi nasaini."

Nikamjibu: usisaini kesho. Akanirudishia kidole gumba, akalala zake. Mimi usingizi ukapaa, maana swali lake lilinirudisha Tucumcari, New Mexico, mahali nilipodhani nimeshapasahau.

Wengi mnaonisoma mnaijua ndoto hii. Umebeba boksi miaka na miaka, umelala kwenye lori, watoto wamekua hujawaona, ukajiapiza kwamba barabara hizi hizi ipo siku utazipita na familia yako, jiko lenu ndani, kitanda chenu ndani, pilau inaiva kando ya Grand Canyon. Mimi nilianza utingo wa Scania, Tanga hadi Tunduma, nikiwa na miaka kumi na tisa. Siku nilipopata leseni ya malori ya Marekani nililia. Kwa hiyo nilipoingia yadi moja huku Texas kununua gari-nyumba la futi 31, la mwaka 2016, lililojengwa juu ya chesisi ya Ford E-450, sikuingia kama mgeni wa magari. Nililala chini ya uvungu. Nilinusa oili. Niliisikiliza ile injini ya V10 mpaka muuzaji akacheka. Bei nikaikata dola 4,000, nikasimama kifua mbele.

Hapo ndipo wakaniingiza kwenye chumba kidogo cha mtu wa mikopo.

Kijana mpole, kahawa ipo, picha ya watoto wake mezani. Bei ya waranti hakuitaja. Alisema tu kwamba marejesho ya mwezi yataongezeka dola 61, na kwamba kuanzia taa za mbele hadi za nyuma, chochote kikiharibika, kampuni inalipa. Dola 61! Mimi natumia zaidi ya hapo kwa kahawa na mishikaki ya barabarani. Nikasaini pale alipoweka vibandiko vya njano, ukurasa kwa ukurasa, kama mtu anayegonga mihuri.

Hesabu niliipiga baadaye sana. Waranti ilikuwa dola 6,850 na ilikuwa ya miaka mitano. Lakini ilimezwa ndani ya mkopo wa gari, na mkopo ulikuwa wa miaka kumi na mitano. Dola 61 na senti zake mara miezi 180 ni zaidi ya dola 11,000. Yaani miaka kumi ya mwisho ningekuwa nalipia karatasi iliyokwisha kufa. Mtu aliyepigania bei ya tairi za lori maisha yake yote hakuona hilo. Bado linaniuma.

Jambo la pili nililokuwa silijui ni hili: ile wala si waranti. Marekani ina sheria ya mwaka 1975, ya Magnuson na Moss, na ndani yake waranti ni ahadi inayokuja na kitu chenyewe, imo kwenye bei. Ford kwa kawaida anatoa miaka mitatu au maili 36,000 kwa chesisi nzima, na miaka mitano au maili 60,000 kwa injini na gia. Aliyejenga nyumba juu yake mara nyingi hutoa mwaka mmoja tu. Friji ina ya kwake, jenereta ina ya kwake. Hiki wanachokuuzia kwenye chumba cha kahawa ni mkataba wa huduma, biashara ya pembeni, na mkataba hauwezi kulipa eti kwa kuwa tu uliahidiwa kwa mdomo. Unalipa yaliyoandikwa. Basi.

Na gari-nyumba huharibika, msidanganyane. Nyingi zinajengwa Elkhart, Indiana, na miji ya jirani, kisha zinapelekwa barabarani kutikiswa maili 60 kwa saa. Chukua nyumba yako ya Mbagala, yenye mabomba, soketi, madirisha na kabati, uipandishe kwenye lori uipeleke Dodoma na kurudi kila wikiendi, halafu uone kama skrubu itabaki mahali pake.

Sasa Tucumcari. Shemeji yangu, kaka yake mkubwa Mama Zuhura, alikuwa amekuja likizo kutoka Dar, nami nilitaka ayaone maisha. Tukaishika barabara kuu ya I-40 kuelekea magharibi, Ijumaa jioni tukaegesha kwenye kambi ya magari-nyumba. Nikakitoa kile chumba cha ubavuni kinachosukumwa nje kwa mota ya umeme, sebule ikapanuka, shemeji akapiga makofi. Mama Zuhura anakiita mtoto wa meza, kwa kuwa kinatoka na kurudi kama droo. Asubuhi nabonyeza kitufe kirudi, kikalia krrr mara moja, kikanyamaza. Nikachukua mkono wa kuzungushia, unazunguka hewani tu, meno ya gia yameliwa. Na chumba kikiwa nje huendi popote, labda ufagie nguzo zote za barabara kuu.

Saa mbili nzima nilikuwa chini ya gari. Shemeji kasimama, mikono nyuma, kimya, kama mwalimu mkuu. Mwishowe akasema, "Shemeji, nyumba yako imeacha mdomo wazi." Watoto wakacheka. Nikakumbuka waranti! Nikapiga namba nikiwa nimeweka spika ili kila mtu asikie. Sauti ya mashine ikasema ofisi zitafunguliwa Jumatatu.

Nikaita fundi anayetembea na gari lake. Mtu mzuri, alikuja adhuhuri, akafunga mota mpya na gia mpya, dola 1,640. Nikalipa kwa kadi nikimwambia shemeji kwa sauti kubwa kwamba hela hiyo itarudi yote. Ile mota mbovu, imejaa grisi, nikaitupa kwenye pipa la taka la kambi. Safari ikaendelea. Jumatatu ile nilikuwa ukingoni mwa Grand Canyon nampiga shemeji picha. Risiti niliituma siku ya kumi, nikiwa nyumbani nimeshapumzika.

Wakakataa. Sababu mbili: matengenezo yalifanyika bila idhini, na kifaa kibovu hakipo cha kukaguliwa. Nilifoka kwenye simu kwa Kiingereza, nikamalizia kwa Kidigo. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu ninunue, nikakaa kuusoma mkataba. Ukurasa wa 11, maandishi kama sisimizi: ukiharibikiwa ofisi ikiwa imefungwa, ruksa kutengeneza cha dharura, mradi upige simu siku ya kwanza ya kazi na utunze kifaa kilichoharibika. Ilikuwamo. Ilikuwamo muda wote. Simu moja ya Jumatatu na mota iliyofungwa kwenye mfuko wa Walmart, basi.

Shemeji aliuliza kwenye kundi la familia, mbele ya watu arobaini: "Ile waranti imelipa?" Nikaacha hapohapo, sikujibu. Mwaka jana kwenye harusi ya binamu yao bado alinisalimia, "Hujambo, bwana mdomo wazi."

Ndugu zangu, sisi hatusomi. Ujumbe wa kusambazwa wa kurasa tano kuhusu faida za maji ya bamia tunausoma mpaka mwisho na kuwatumia wengine, ila mkataba wa dola elfu saba tunauliza tu pa kusaini. Tunaona haya kumweka mzungu anasubiri. Msubirishe! Mwambie nipe nakala ya mkataba wenyewe, siyo kijikaratasi chenye picha ya wazee wanacheka kambini, nikalale nao. Akikataa kutoa mkataba kabla ya saini, umeshapata jibu lako. Na bei yake inakatwa kama bei ya gari. Mimi nilikata ya gari nikaiacha ya karatasi, wakati mwenzangu mmoja wa hapa Dallas alichukua mkataba wa aina hiyohiyo kwa bei iliyopunguzwa dola 2,000 kwa sababu tu alinyamaza na kushika funguo zake kama anayeondoka.

Unaposoma, anza na kurasa za mwisho, kwenye visivyolipwa. Mikataba ni ya namna mbili. Kuna unaoorodhesha vinavyolipwa, kisichotajwa hakimo. Kuna unaoorodhesha visivyolipwa, kisichotajwa kimo. Wa pili ni ghali zaidi na ndio wenye maana kwa gari lenye vitu elfu, kwa kuwa wa kwanza unaweza kutaja mota usitaje gia inayoshikana nayo. Tafuta neno kuchakaa: mikataba mingine hulipa kilichovunjika tu, kilicholika taratibu hawakigusi. Maji yaliyovuja paani na kuozesha sakafu, usitegemee. Kama unaishi humo mwaka mzima au unalikodisha, angalia isije ikawa umejitoa mwenyewe kwenye mkataba. Na tunza risiti za oili na filta hata kama unamwaga oili mwenyewe uani kwako, kwa sababu watazidai.

Halafu nani analipa? Yadi inauza tu. Kuna kampuni inayosimamia madai, na nyuma yake inatakiwa iwepo kampuni ya bima. Jina la bima liandikwe kwenye mkataba, nawe ulitafute. Mwaka 2010 US Fidelis ya Missouri, waliokuwa wakubwa kabisa katika kuuza mikataba ya magari, walifilisika. Na zile simu za "waranti ya gari lako inakwisha" zilizotusumbua sote ni dunia nyingine kabisa, ni utapeli mtupu: mwaka 2022 tume ya mawasiliano, FCC, iliamuru kampuni za simu zizuie genge moja, na 2023 ikalipiga faini ya karibu dola milioni 300. Ya yadi ni karatasi halali. Ndiyo maana ukishasaini huna wa kumlilia.

Mtasema nina kinyongo. Ninacho. Lakini mara ya pili nilifanya kila kitu sawasawa. Friji ilikufa, ile inayotumia gesi na umeme. Nikapiga simu kabla fundi hajagusa nati, nikapewa namba ya idhini, nikaandika jina la niliyeongea naye na saa. Fundi alidai dola 1,980. Wakalipa 1,120. Dola 200 ni zangu za kutangulia, yaani sehemu ninayolipa mwenyewe kabla wao hawajalipa, na nikagundua zinatozwa kwa kila kifaa, siyo kwa kila safari ya gereji. Dola 350 za kutafuta ugonjwa hazimo. Dola 310 zilizobaki ni kwamba kitabu chao kinasema kazi ile ina saa chache kuliko za fundi. Nililipa, nikashukuru, kwa sababu 1,120 ni hela.

Hata hivyo mwezi wa 26 niliuvunja ule mkataba. Inawezekana, watu wengi hawajui. Siku za mwanzo, mara nyingi thelathini au sitini, hurudishiwa karibu zote, baadaye kwa kadiri ya muda uliobaki. Miezi 34 kati ya 60 ilikuwa kama dola 3,881. Wakatoa 1,120 za friji na 50 za karatasi, zikabaki 2,711. Nilisubiri hundi. Haikuja kwangu, ilikwenda benki iliyonikopesha, ikapunguza deni, na marejesho ya mwezi yakabaki vilevile. Mama Zuhura aliniuliza hela iko wapi, nikamwonyesha karatasi.

Kwa hiyo dogo, hukuniuliza historia ya maisha yangu, uliuliza uchukue au usichukue. Kama ni gari la dizeli lenye injini ya Cummins nyuma, vyumba vinne vinavyotoka na kompyuta kila pembe, na huna akiba ya dola elfu kumi iliyokaa tu, chukua, lakini ule wa kuorodhesha visivyolipwa, na ulipe taslimu nje ya mkopo. Kama ni la petroli kama langu na unajua kushika spana, mpe mkaguzi anayejitegemea hela yake alikague gari kwanza, kisha fungua akaunti, weka dola 150 kila mwezi, usiiguse hata kwa michango ya harusi. Mimi ndivyo ninavyofanya sasa. Mwezi Machi pampu ya maji ilipokufa nilitoa humo, sikumpigia mtu simu.

Ila pampu yenyewe, mbovu, bado iko chini ya kitanda cha nyuma, nimeifunga kwenye mfuko na tarehe nimeiandika. Mama Zuhura anasema hakuna mtu atakayekuja kuikagua. Najua. Amenipa hadi Jumamosi niitoe.