Spika za kutengenezwa kwa mkono: usizioanishe kwa omu za multimita

Mkuu, usichomelee hata waya mmoja. Umesema spika zako nne za inchi 6.5 zimetengenezwa kwa mkono na fundi mmoja, zote zinasoma omu 5.8, na muuzaji kakuhakikishia kuwa hapo tayari una jozi mbili. Kakudanganya. Multimita inakuonyesha ukinzani wa waya wa koili, basi. Haijui uzito wa koni, ugumu wa spaida (kile kitambaa chenye mikunjo kinachoshika koili katikati) wala nguvu ya sumaku, na humo ndimo kazi ya mkono inamopishana.

Chukua gundi tu. Spika ya saizi hiyo, koni pamoja na koili huwa kama gramu 14. Fundi akizidisha gramu 1 pale koili inapoungana na koni, sauti inapungua karibu 0.6 dB na Fs, yaani masafa ambayo koni inatikisika kwa urahisi zaidi, inashuka kutoka 45 Hz hadi kama 43.5. Omu zinabaki zilezile! Tofauti ikifika dB 1 au 2, mwimbaji anavutwa upande mmoja, watu wanalaumu ampli. Wauzaji wanaotoza pesa ya "jozi iliyopimwa" kwa kugusisha ncha mbili za multimita wananikera mno, maana kipimo cha kweli ni dakika chache tu.

Kwanza zilainishe, spaida mpya ni ngumu. Zipigie 25 Hz kwa saa kadhaa, koni icheze bila kugonga, kisha ziache zipoe kabisa. Usiruke hapo: koili iliyopanda nyuzi 50 za joto inasoma omu 6.9 badala ya 5.8, na hesabu zote zinaharibika.

Kisha funga rezista ya omu 100 kwa mfululizo na kila spika, upime Fs na Qts (namba inayoonyesha jinsi mtikisiko wa koni unavyozuiwa) kwa laptopu na programu ya REW, ni ya bure. Spika isimame wima, ibanwe kwenye sumaku. Ukiilaza mezani, tundu la nyuma ya sumaku linaziba na Fs inahama.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Fs kupishana peke yake kusikutishe. Gawanya Fs kwa Qts. Moja ikiwa 36 kwa 0.36 na nyingine 40 kwa 0.40, zote zinatoa 100: ni spaida tu iliyotofautiana, ndani ya boksi zitafanana sana. Lakini 40 kwa 0.48 inatoa 83. Hapo sumaku, koili au uzito umetofautiana, na boksi moja haliwezi kuzifaa zote mbili.

Malizia na sauti. Toboa ubao mmoja, zifunge hapo kwa zamu, maikrofoni na volyumu visiguswe. Kati ya 300 na 1000 Hz, kushoto na kulia visipishane zaidi ya 0.5 dB. Gusisha pia betri ya volti 1.5: koni zote zitoke nje kwa chanya, kwani nyaya za kuchomelea kwa mkono hugeuzwa mara nyingi.

Isiyooana na yoyote, ibonyeze koni taratibu kwa vidole vitatu vilivyoachana sawasawa, sikio karibu. Ikikwaruza, koili haijakaa katikati. Irudishe kwa fundi aifungue upya. Ikwalaiza haitakusaidia hapo.