Shangazi Safarini: Misri bila kampuni ya utalii

Tangu niseme hapa kwamba nilimega kiinua mgongo changu nikaenda Misri peke yangu, siku kumi na mbili na begi moja la mgongoni, barua hazijakoma. Leo najibu nne. Mnaoniuliza mume wangu aliniruhusuje, muulizeni yeye.

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni muuguzi, nina likizo ya siku kumi Desemba. Kampuni za utalii zinanitajia bei za kunitoa machozi. Naweza kwenda mwenyewe? Nataka kuona piramidi zote. – Msomaji, Dodoma*

Marahaba, mwanangu. Unaweza, na Desemba umechagua vizuri, maana kiangazi joto la Luxor hupita nyuzi 40. Ila hilo la "zote" lifute. Misri ina piramidi zaidi ya 100, na nyingi leo ni vichuguu tu. Kairo ipe siku tatu, Luxor nne, Aswan mbili, moja iache kwa ajili ya ndege. Wengi hufanya kinyume: Kairo wiki nzima, Luxor siku moja ya mbio, wakirudi wanasema wameona mawe.

Usianze na Giza, kwenye piramidi kubwa. Siku ya kwanza kodi teksi ya kutwa, patana na dereva kabla hujafungua mlango, mwende Saqqara kisha Dahshur, kusini mwa Kairo. Saqqara utaona piramidi ya ngazi ya mfalme Djoser, ya karne ya 27 KK, kazi inayohesabiwa kuwa ya mjenzi wake Imhotep. Dahshur utamkuta mfalme Sneferu. Huyu alianza kujenga kwa mwinamo mkali, kufika katikati mambo yakaharibika, akapunguza mwinamo, na piramidi ikabaki imepinda mabega hadi leo. Hakukata tamaa. Akajenga nyingine jirani, ile Nyekundu, ikanyooka. Kesho yake ndipo uende Giza, ukaone alichofanya mwanawe, Khufu: mita 146 kwenda juu ilipokuwa mpya. Ukizifuata kwa mpangilio huo unaona watu wanajifunza kazi, wanakosea, wanasahihisha. Nimefundisha historia miaka 31 na sijapata ubao mzuri kuliko ule.

Siku ya tatu ni ya jumba kubwa jipya la makumbusho karibu na Giza, lililofunguliwa rasmi Novemba 2025. Humo mna vitu zaidi ya 5,000 vya Tutankhamun, yule mfalme aliyekufa kijana. Vaa viatu vya kutembelea, si vya picha. Usiku panda treni ya Luxor, saa kumi hivi za safari.

Luxor mjini kuna hekalu la Karnak na nguzo zake 134 kwenye ukumbi mmoja, nenda mapema. Hekalu la Luxor liachie jioni, taa zikishawaka. Juu ya magofu yake kuna msikiti wa Abu Haggag. Ulijengwa wakati hekalu limezikwa na mchanga, mchanga ukachimbwa, mlango wa zamani ukabaki unaning'inia hewani. Adhana ya Magharibi ilinikuta nimesimama katikati ya masanamu ya Ramses II. Kwetu Firauni ni tusi, mwanangu, na pale nilijikuta namtazama kwa heshima, nikaona haya kidogo.

Ng'ambo ya magharibi ya Nile vuka kwa feri ya wananchi, si kwa boti za wanaokuita "Mama Afrika". Kwenye Bonde la Wafalme tiketi ya kawaida inakupa makaburi matatu. La Tutankhamun lina tiketi yake, la Ramses VI pia. Kama pesa ni ya moja tu, chukua la Ramses VI: darini Nut, mungu wa mbingu, kajinyoosha mwili mzima, jioni anameza jua na asubuhi analizaa. La Tutankhamun ni dogo. Mwenyewe bado amelala mle, na kilichomficha ni vibanda na vifusi vya mafundi wa kaburi hilohilo la Ramses VI, hadi mchimbaji wa Kiingereza Howard Carter alipoufikia mlango Novemba 1922.

Baada ya hapo wenye mabasi hurudi mjini kula. Wewe nenda Deir el-Medina. Ndicho kijiji cha mafundi waliochonga na kupaka rangi makaburi ya wafalme. Kuta za nyumba zao zimebaki fupi, unasimama kizingitini mwa mtu unahesabu vyumba. Mlimani wamejichongea makaburi yao wenyewe kwa mkono uleule. La fundi Sennedjem ni chumba cha ukubwa wa sebule ya nyumba ya mwalimu. Unashuka umeinama, ukiinua kichwa unakuta kuta za njano iliyoiva kama papai. Sennedjem na mkewe Iyneferti wako peponi wanalima na kuvuna, wamevaa nguo nyeupe za sherehe. Nani huvuna ngano na nguo nyeupe? Nilicheka peke yangu mle ndani, mlinzi akaja kuchungulia.

Na hapo ndipo palipoanzia mgomo wa kazi wa kale kuliko yote tuliyo na maandishi yake. Mwaka wa 29 wa utawala wa Ramses III, yapata 1157 KK, mafundi hawakupewa nafaka yao kwa wakati, na nafaka ndiyo iliyokuwa mshahara. Wakaweka patasi chini, wakaenda kuketi nyuma ya hekalu, wakasema wana njaa. Karani aliyaandika yote kwenye karatasi ya mafunjo ambayo leo iko Turin, Italia. Mimi niliyewahi kuupokea mshahara wa Machi mwezi wa tano, niliketi kwenye ukuta wao muda mrefu kuliko nilivyokaa kwa Tutankhamun.

*Assalaam aleykum Shangazi. Je, Kiarabu cha chuoni kinatosha? Na ni kweli wanadai bakshishi kila hatua? – Mwanafunzi, Unguja*

Waaleykum salaam. Kinatosha kununua ndizi. Cha Qurani wanakielewa, wao wakijibu ndipo utakapopotea. Lakini Mswahili ana mtaji ambao Mzungu hana: hesabu. Sita, saba, tisa, ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, mia, alfu, zote zilitoka kwao, ukizitamka watakuelewa. Na kama tarakimu zao ulizisoma chuoni, utajua ile inayofanana na sifuri ni tano. Muuza skafu aliponiambia "khamsin" kwa jirani yake na mia mbili kwangu, nilimwambia, "Hamsini, baba, nimesikia." Alicheka hadi akakaa.

Sasa nikuambie mtaji huohuo ulivyonitia hasara. Luxor nilimuuliza mtu kituoni treni ya Aswan ni lini. Akasema "is-saa tamanya." Nikafurahi, tamanya ni nane, basi saa nane. Nikalala, nikaamka, nikala samaki, nikafika kituoni saa saba na nusu mchana na begi langu. Treni ilikuwa imeondoka asubuhi. Saa nane ya Mwarabu inahesabiwa kuanzia usiku wa manane, ni saa yetu mbili. Nilijua hilo tangu utoto, na bado nilikaa kwenye benchi na tiketi iliyokufa mkononi.

Bakshishi ni kweli. Mlinzi atakuita pembeni akuonyeshe kitu "cha siri", mara nyingi ni ukuta uliokwisha kuuona. Weka noti ndogo mfuko wa kulia, kubwa mbali. Usiyemtaka mwambie "la, shukran" mara moja, usisimame. Sehemu nyingi kubwa dirisha la tiketi linataka kadi, halipokei noti, kwa hiyo iarifu benki yako kabla ya kuondoka. Yangu sikuiarifu, wakaifunga kadi siku ya pili, nikashinda asubuhi nzima kwenye simu. Bei ubaoni zina safu mbili, ya mwenyeji na ya mgeni, kama Serengeti. Safari hii mgeni ni wewe, lipa bila kununa.

*Bi Mkubwa, mimi na magoti yangu tuna miaka 58. Nikifika Giza niingie ndani ya piramidi kubwa au nisiingie? – Msomaji, Mombasa*

Mwenzangu, usiingie. Utalipa tiketi ya pili, upande umejikunja nyuma ya makalio ya watu, ufike kwenye chumba cha mawe matupu: sanduku la granite lisilo na kifuniko, ukutani hakuna hata herufi moja. Kama lazima uingie piramidi, ingia ya mfalme Teti kule Saqqara. Kushuka ni kufupi, na kuta zimejaa maandishi ya kumwombea mfalme. Ile Nyekundu ya Dahshur niliingia, njia ya kushuka mita 60 hivi, ndani inanuka amonia kama choo cha stendi. Magoti yangu yalinisusia siku mbili.

*Shangazi, hapa tunaambiwa maji ya ziwa letu ndiyo yaliyojenga piramidi. Kweli au sifa? – Msomaji, Mwanza*

Nusu kweli, ndugu yangu. Maji yenu yanaingia Nile pale Jinja, na mengi hupotelea kwenye vinamasi vya Sudan Kusini. Mafuriko na udongo mweusi vililetwa na Nile ya Buluu na mto Atbara, kutoka mvua za milima ya Ethiopia. Yenu ni yale yaliyozuia mto usikauke miezi mingine. Lakini kwamba mto ulibeba mawe, hilo limeandikwa. Mwaka 2013 huko Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, ilipatikana shajara ya msimamizi aitwaye Merer, aliyesafirisha mawe ya chokaa kwa mashua kutoka Tura hadi Giza enzi za Khufu. Anataja siku alizopakia na alikolala, kama nahodha wa jahazi.

Mafuriko yenyewe yamekwisha tangu Bwawa Kuu la Aswan likamilike 1970. Ziwa la bwawa hilo lilipokuwa likipanda, mahekalu ya Abu Simbel yalikatwa vipande kati ya 1964 na 1968 na kupandishwa juu mita 65 hivi. Ni kilomita 280 kutoka Aswan, unaondoka saa kumi alfajiri, nenda. Angalia hekalu dogo la Nefertari, mke wa Ramses II, kachongwa kimo kimoja na mumewe. Wanubi nao walihamishwa na vijiji vyao vikazama, wala hawajayasahau. Keti nao chai, watakueleza.

Na wewe wa Mwanza, ukifika Aswan vuka kwenda kisiwa cha Elephantine. Kuna ngazi za mawe zinazoshuka hadi mtoni, na alama ukutani za kupimia mafuriko, maana walitoza kodi kwa kuangalia maji yamefika wapi. Nilishuka hadi ngazi ya mwisho nikachota maji kwa kiganja nikanawa uso, nikijiambia pengine tone moja limetoka kwenu. Nilipopanda, mlinzi alikuwa ananingoja juu, mkono umenyooshwa. Nikamuuliza ya nini. Akasema, ya kunawa.