Pistoni ya 13.5 ilinifia njiani Mombo: soma hapa kabla hujapandisha kompresheni

Juzi usiku kijana mmoja kanitumia meseji, anasema "kaka nina pikipiki ya DR-Z400 nataka niifanye iwe moto kweli, kuna pistoni ya kompresheni 12.2 na ya 13.5 bei ile ile, nikichukua ya 12.2 si nitakuwa nimetupa hela?" Nimekaa na hiyo meseji muda mrefu bila kujibu. Jibu ninalo, ila hilo swali ni lile lile nililomuuliza fundi wangu miaka mitatu iliyopita, na nilichojibiwa siku ile kilinigharimu injini nzima. Wiki iliyopita nimetoka Dar na pikipiki ile ile, Arusha mpaka Dar kwenda na kurudi, haijagonga hata mara moja, ndo maana naona sasa hivi naweza kuongea hili jambo na watu wakanisikiliza.

Wanaoifahamu hii mashine wanajua, Suzuki DR-Z400S ikitoka kiwandani ni cc 398, silinda ya milimita 90, na kompresheni yake, yaani mchanganyiko wa hewa na mafuta unabanwa mara ngapi kabla ya kuwaka, ni 11.3 kwa 1. Mimi niliitanua silinda ikawa 94, hapo unapata cc 434, nikafunga kabureta (kile kifaa kinachochanganya mafuta na hewa) ya FCR, ile ya mashindano, ekzosi nikabadilisha, ikabaki kuchagua pistoni. Nikamuuliza fundi, mtu ninayemheshimu na aliyenitangulia kwenye hii kazi, akanijibu neno moja tu, weka kubwa. Hakuniuliza naendesha wapi, hakuniuliza nimefunga kemshafti gani (ile shafti inayofungua na kufunga valvu), hakuniuliza mafuta naweka ya wapi. Weka kubwa. Nami nikaweka 13.5 nikalipa nikashukuru.

Na kusema ukweli Arusha ile pikipiki ilikuwa balaa. Kupanda kuelekea Ngaramtoni na gia ya nne nilikuwa nasahau kama kuna mlima, ukigusa moto (eksileta) kidogo tairi la mbele linanyanyuka, watu wananisimamisha taa nyekundu wananiuliza hii ni cc ngapi kaka. Miezi minne hivyo. Sikuwahi kusikia mlio wa ajabu, joto lilikuwa sawa, oili safi. Nikajiaminisha kwamba nimepatia kila kitu na nikaanza kuwashauri wengine, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kwa sababu wawili walinifuata wakanunua pistoni kama yangu.

Ikaja safari ya Dar. Nimetoka alfajiri, Moshi nimepita baridi bado, Same nikanywa chai, nikajaza mafuta, nikaendelea. Kuanzia Same kushuka jua likawa kali na ile barabara inanyooka unajua ilivyo, milima upande wa kushoto, mkonge, upepo wa moto usoni. Nikawa natembea kasi ile ile niliyoizoea. Kabla ya Mombo nikaanza kusikia kitu kama mtu anatikisa changarawe kwenye kopo, kila nikifungua moto kinakuja, nikipunguza kinapotea. Nikajiambia ni cheni. NI CHENI. Nilikuwa nimefunga vitu masikioni na sikutaka kusimama, basi nikaendelea na hiyo cheni yangu kilomita kama kumi na tano, ghafla nguvu ikaisha kama mtu kakata waya, moshi mweupe unaelekea bluu nyuma, injini ikazima na haikuwaka tena.

Nimekaa chini ya mwarobaini kuanzia saa tano asubuhi mpaka saa kumi jioni. Nikapata Fuso inarudi Arusha tupu, tukaifunga pikipiki kwa kamba, nami nikakaa nayo huko nyuma njia nzima nimeishika isianguke.

Tulipofungua silinda hedi nilichokiona sijakisahau. Pistoni upande wa ekzosi, ule ukingo wa juu, umeliwa kama panya katafuna kipande cha mkate, na chini yake kingo inayoshika ringi ya kwanza imekatika kipande cha urefu wa kucha. Kwenye plagi, ile kauri nyeupe ya katikati, kulikuwa na vidoti vidogo vidogo vinang'aa. Ile ni aluminiamu ya pistoni yangu iliyoyeyuka ikaruka ikaganda pale. Ukiviona hivyo vidoti kwenye plagi yako usiendelee na safari, hata kama pikipiki inakwenda vizuri, simama.

Mwezi mzima nililaumu mafuta. Nilikuwa namwambia kila mtu kwamba pale Same nimewekewa mafuta yenye taa. Na ni kweli mafuta ya taa yanaua injini kwa sababu oktani yake, yaani uwezo wa kubanwa bila kuwaka yenyewe, iko chini sana, EWURA, mamlaka ya serikali ya nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta yaliyochanganywa) kwenye mafuta tangu 2010 kwa ajili ya mchezo huo huo. Lakini nilikuwa nalaumu mtu ambaye sina ushahidi naye, na shida ilikuwa kwenye injini yangu mwenyewe.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa karakana Moshi, amestaafu sasa hivi. Nilimpelekea silinda aitengeneze akaniuliza, "Mwanangu, hii umeijengea wapi?" Nikamwambia Arusha. "Na imekufa wapi?" Nikamwambia karibu na Mombo. Akatikisa kichwa akavuta kiti.

Akanieleza hivi. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ya pale shinikizo lake ni pungufu karibu asilimia 15 ukilinganisha na pwani. Kwa hiyo silinda ilikuwa inavuta hewa nyepesi, na 13.5 yako ukiwa Arusha inabana kama 12 hivi ya Dar. Ndo maana ilikuwa tamu. Ukishuka kuelekea Mombo, hewa inakuwa nzito, silinda inajaa zaidi, hapo ndipo 13.5 inakuwa 13.5 kweli. Na kabureta yako jeti (kile kitundu cha kupimia mafuta) ulichagua ukiwa juu kwenye hewa nyepesi, ukishuka nayo hewa inazidi mafuta, mchanganyiko unakuwa mkavu, mchanganyiko mkavu unachemka. Ongeza jua la saa tano, ongeza moto uliofunguliwa saa nzima bila kupumzika. Mchanganyiko unawaka wenyewe kwenye kona za chumba kabla moto wa plagi haujafika, na kila ukiwaka hivyo ni kama nyundo juu ya pistoni. Zile ndo changarawe ulizosikia. Na pikipiki hii ya kabureta haina sensa ya kukusikilizia mlio ikarudisha nyuma mwako kama magari ya kisasa, masikio yako ndo sensa, na wewe uliyaziba.

Kisha akachukua karatasi. Kompresheni ni hesabu ya darasa la saba jamani, unachukua cc za silinda unagawanya kwa cc za chumba kinachobaki pistoni ikiwa juu kabisa, unajumlisha moja. Silinda yangu ya cc 434, ili iwe 13.5 chumba kinatakiwa kiwe cc 34.7 hivi. Sasa angalia, kile chumba cha kiwandani cha cc 38.7 ukikiacha vile vile ukatanua silinda tu mpaka 94, tayari umefika 12.2! Yaani kutanua peke yake kumeshakupandishia. Tofauti ya 12.2 na 13.5 ni cc 4, haijai kijiko cha chai. Hicho kijiko ndicho kilichonilaza chini ya mwarobaini.

Na faida yake je? Hapa ndo nilishika kichwa. Kwa hesabu ya vitabuni, kutoka 12.2 kwenda 13.5 unaongeza nguvu kama asilimia 2 tu. Kwenye mashine ya farasi 40 na kitu hiyo haifiki hata farasi mmoja. Ule utamu wote niliokuwa najivunia Ngaramtoni ulitoka kwenye zile cc 36 za kutanua na kwenye kabureta, haukutoka kwenye 13.5. Milioni moja na laki nane nimelipa kurudisha injini kwa ajili ya nguvu isiyofika farasi mmoja.

Sasa nyie mnaonisoma najua mnataka nguvu kama nilivyotaka mimi, na sisemi msipandishe. Pandisha. Ila usinunue namba. Namba ya kwenye boksi la pistoni imepigwa kwa hedi ambayo haijachongwa na gasketi ya unene fulani, injini yako unaijua wewe. Pima mwenyewe, pistoni ikiwa juu kabisa na tundu la plagi limesimama wima, unachukua sindano ya hospitali unajaza oili nyepesi mpaka ifike mwanzo wa nyuzi za plagi, unahesabu cc ulizoweka. Yangu ya sasa boksi lilisema 12.2, nilipopima nikapata 12.1. Na pima ule mwanya wa pembeni kati ya pistoni na hedi, unaweka kipande cha waya wa lehemu juu ya ukingo wa pistoni, unazungusha injini kwa mkono, unatoa waya uliobanwa unaupima na vernia. Yangu imesimama kwenye milimita 1. Kuna watu wakisikia injini inagonga wanaongeza gasketi chini ya silinda ili kompresheni ishuke, wanajikuta wamefungua ule mwanya, mchanganyiko unakaa kule pembeni unasubiri kuwaka wenyewe na kugonga kunazidi. Kama kompresheni imezidi badilisha pistoni, usirundike gasketi.

Kemshafti nayo. Pistoni za 13 na kuendelea zipo kwa sababu, mtu wa mashindano anafunga kemshafti inayochelewa kufunga valvu ya kuingiza, pistoni inaanza kupanda valvu bado iko wazi na hewa nyingine inarudi, kwa hiyo mizunguko ikiwa chini silinda haijai vizuri na ile kompresheni kubwa inafidia. Mimi nilikuwa na kemshafti ya kiwandani inayofunga mapema, silinda inajaa vizuri tangu chini, halafu juu yake 13.5. Fundi angeniuliza hilo swali moja tu nisingeandika haya leo. Bado linaniuma, sitaficha.

Kwa hiyo ukichagua kompresheni, chagulia sehemu ya chini kabisa na ya joto kabisa utakayofika, usichagulie nyumbani kwako. Wewe wa Arusha, wa Mbeya, wa Iringa, injini yako ikiwa tamu huko juu haijakuthibitishia chochote mpaka ishuke. Jeti ya kushukia nayo beba, mimi safari hii nilisimama Same nikabadilisha mwenyewe pembeni ya barabara, dakika arobaini. Mafuta ya chupa vijijini usiweke kabisa. Na usizibe masikio.

Safari hii Mombo nilisimama makusudi. Ule mwarobaini bado upo. Nikachomoa plagi ikiwa ya moto vile vile nikaiangalia kwenye jua, kauri rangi ya kahawia nyepesi, safi, hakuna kidoti hata kimoja. Nikairudisha, nikaondoka zangu Korogwe.

Mdogo wangu uliyenitumia meseji, usilipe chochote kwanza. Nitumie vitu vitatu: cc za chumba chako ulizopima kwa mkono wako, unene wa huo waya wa lehemu, na kemshafti iliyomo. Halafu niambie unaishi wapi na unapenda kwenda wapi.